Soko la kwanza la maharagi liko mulangoni mwa mine

Ndugu wafanyakazi wa mine, mama wa nyumba, na ninyi watoto wenye munawasomea wazazi gazeti hili mangaribi,

Siku hizi tunasikia maneno mengi juu ya maharagi. Kwenye redio na kwenye hotuba wanasema: dunia inataka maharagi, kunde, mbaazi na dengu, Congo iko na udongo, iko na mvua, basi tulime, tupakie, tuuzishe inje. Wengine wanaongeza kusema kama reli ya Lobito, yenye inatoka kwetu Kolwezi na kufika baharini Angola, haitabeba shaba na kobalti peke yake, itabeba na chakula.

Sisi watu wa sendika hatukatai. Lakini tuko na ulizo moja. Mbele ya kuuzisha India, nani anakula hapa? Maharagi yenye mufanyakazi wa mine anakula leo yanatoka wapi, na makuta yake yanaenda wapi? Wazo letu ni hili: soko la kwanza la mukulima wa Katanga ni kantini ya mine na soko la muji wa mine. Na sendika inapashwa kupigania jambo hili kwenye meza ya mapatano, sawa vile inapigania mushahara.

Kwanza tuseme ukweli: hitaji la dunia si uongo. Katika gramu 100 za maharagi makavu kuna karibu gramu 20 hadi 25 za protini, na kuna chuma chenye damu inahitaji. Ni nyama ya mutu mwenye hana makuta ya nyama. Umoja wa Mataifa uliweka mwaka wa 2016 kuwa mwaka wa mazao haya, na tangu 2019 kila tarehe 10 Februari ni siku yake. India inalima mingi kupita inchi zote, na inakula mingi kupita inchi zote; hata hivi mara nyingi mavuno yake hayatoshi. Juu ya ile inanunua inje. Canada inapeleka njegere na dengu, Australia dengu, na mbaazi zinatoka Myanmar, Tanzania, Msumbiji na Malawi. Mbaazi ni ule muti mudogo wenye mama wengine wanapanda kwenye mupaka wa shamba, unazaa mbegu ndogo za muviringo.

Sasa musikie vile ilipita kwa mbaazi, maana ni somo letu. Mwaka wa 2014 na 2015 mvua haikuwa nzuri India, na bei ya mbaazi ikapanda sana kule. Serikali ya India ikatafuta wakulima wa Afrika. Mwaka wa 2016 ilitia saini mapatano na Msumbiji: itanunua mbaazi, na kiasi kitapanda kila mwaka hadi kufika tani 200,000. Wakulima wakasikia habari, wakapanda. Tanzania na Malawi nao wakapanda. Mwaka wenye kufuata, mvua ilikuwa imerudi India na mavuno yao yakawa makubwa sana. Mwezi wa nane 2017 India ikaweka kipimo: mbaazi za inje zisipite kiasi fulani. Bei ikaanguka vibaya Tanzania, Malawi, hata Msumbiji yenye ilikuwa na mapatano. Mukulima wa Babati ao wa Zambezia hakufanya ubaya wowote. Alilima vizuri, akavuna vizuri. Mulango tu ulifungwa, na yeye hakuwa na ufunguo. Mwaka wa 2021 India ikaufungua tena, wakati yenyewe iliona inahitaji.

Sisi watu wa mine tunaijua hadithi hii kwa mwili wetu. Bei ya shaba inapangwa London, na ikianguka kule, ni hapa wanakata kontra. Lakini kuna tofauti moja kubwa. Mwezi wa pili 2025, Leta ya Congo ilisimamisha kuuzisha kobalti inje kwa miezi ine, ikaongeza tena, na mwezi wa kumi ikaweka kipimo cha kila kompani. Wakati ule ni sisi tulifunga mulango. Dunia ilisikia, juu zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia yote inatoka hapa kwetu. Kwa maharagi hatuna nguvu hiyo. Siku tutafunga mulango wetu wa maharagi, hakuna mutu ng'ambo atakosa usingizi. Mwenye kuingia soko la dunia bila nguvu ya bei, na nyumbani hana mununuzi mwingine, anajiweka mikononi mwa watu.

Juu ya ile tunasema: mununuzi wa nyumbani kwanza. Na nyumbani yuko.

Tuangalie sahani yetu. Bukari inakuja na sombe, siku ingine tomson, siku ingine ndakala, na siku makuta imepunguka, ni maharagi. Mama wengi wa kambi wanajua kama wiki ya mwisho ya mwezi inaitwa wiki ya maharagi. Yale maharagi yanatoka wapi? Kuna ya kwetu: milima ya Marungu, kule Moba, inazaa maharagi mazuri, lakini kutoka kule hadi Lubumbashi ni safari ya mashua hadi Kalemie na treni yenye kukawia, ao barabara ya Pweto yenye mvua inaifunga. Kuna mengine ya vijiji vya karibu, kidogo kidogo, kwenye baiskeli na kwenye pikipiki. Na kuna yale ya malori yenye yanapita Kasumbalesa, ya Zambia, na ya Tanzania yenye yanapita Tunduma.

Kasumbalesa ikikohoa, sisi tunaumwa. Mwezi wa nane 2024 Zambia ilifunga mupaka ule siku kadhaa, juu ya ugomvi wa bia na vinywaji vingine vyenye Congo ilikataa viingie. Mwaka ule ule Zambia ilikuwa na ukame mukali, hata raisi wao alitangaza kama ni musiba wa taifa. Hakuna mwenye alituuliza sisi, lakini ni meka ya mama wa kambi njo ililipa. Na hata mupaka ukiwa wazi, mwenye lori ananunua kwa dolari. Franga ikianguka, bei ya maharagi inapanda siku ile ile, mushahara unabaki palepale.

Hapa wandugu wengine wanatukata maneno: "Sendika ni ya mushahara, haiko ya mashamba." Tunawajibu kwa heshima. Mushahara si karatasi ya benki. Mushahara ni vitu vyenye unanunua nayo. Tuseme mwezi wa kwanza umepata nyongeza ya kumi kwa mia. Mwezi wa sita bunga na maharagi vimepanda kumi na tano kwa mia. Umeongezewa ao umekatwa? Delege mwenye anapigania franga bila kuangalia soko, anajaza maji kwenye ndoo yenye kutoboka.

Sasa tupige hesabu ya kantini. Mine nyingi leo zinawapa wafanyakazi chakula kazini. Tuchukue mine ya wafanyakazi 1,000. Tuseme wanakula maharagi mara tatu kwa wiki, na kila mutu gramu 100 za maharagi makavu. Ni kilo 100 kwa siku, kilo 300 kwa wiki. Kwa mwaka mzima wa wiki 52, ni kilo 15,600: zaidi ya tani 15. Tuseme hekta moja ya mukulima wa jembe inatoa kilo 600. Tunahitaji hekta 26. Kila jamaa ikilima nusu hekta, ni jamaa 52 zenye ziko na mununuzi wa hakika mwaka mzima, kwa kantini moja tu ya mine yenye si kubwa sana. Haturuhusu mutu atuambie kama ile ni kitu kidogo. Kwa kijiji ni masomo ya watoto na mabati juu ya nyumba.

Lakini namna gani inapita leo? Kantini inatolewa kwa sutretansi. Kompani moja inashinda soko, inanunua mahali inataka, mara nyingi kwa muchuuzi mukubwa mwenye anachukua muzigo wote inje mara moja. Mukulima wa kijiji chenye kiko kilometa kumi na mulango wa mine anaona malori ya chakula yanapita mbele ya shamba lake. Anapata vumbi tu.

Tunajua kama kuna sheria ya sutretansi, ile nambari 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017. Ilitungwa kusudi kazi za sutretansi ziende kwa makompani ya Wacongomani. Ni sheria nzuri na tunaitetea. Lakini inaangalia makuta ya kompani ni ya nani. Haiangalii kile chakula kimetoka shamba la nani. Mucongomani anaweza kushinda soko la kantini, akaenda kununua kila mbegu ng'ambo ya mupaka. Karatasi ni ya Congo, lakini sahani si ya Congo.

Wakubwa wa kompani wako na majibu yao, na tutayajibu moja moja. Wanasema: maharagi ya hapa ni kidogo, yako na mawe, leo yapo kesho hayapo, mukulima hana fakture. Kuna ukweli ndani. Lakini nani anaweza kulima mingi kama hajui atauzishia nani? Mukulima si mupumbavu. Analima kiasi chenye atakula na chenye atauzisha barabarani. Mupe mukataba mbele ya mvua kuanza, mwezi wa kumi, na bei imeandikwa, utaona shamba linapanuka. Mawe yanaondolewa na ungo na mikono ya mama wenye watalipwa. Wadudu wanaotoboa mbegu wanakufa ndani ya mifuko ya tabaka tatu, yenye kufungwa bila hewa kuingia. Mifuko hiyo haitaki dawa. Na fakture ni kazi ya kooperative: jamaa 50 pamoja zinaweza kuwa na karani moja na konti moja ya benki.

Wengine wanakumbusha kama wakati wa gavana Moïse Katumbi, makompani ya mine yaliombwa kila moja kulima hekta 500 za muhindi. Ni kweli, na wazo la kusema mwenye mine aangalie na chakula lilikuwa na maana. Lakini kampani kulima yenyewe na trakta ni jambo moja. Kampani kununua kwa mukulima ni jambo lingine. Kwa njia ya kwanza kijiji kinabaki kinaangalia. Tena amri ya gavana inaweza kuondoka na gavana. Mukataba wenye umetiwa saini unabaki.

Na hapa tunatoa onyo, kusudi mutu asitugeuzie maneno. Wazee wetu wa Union Minière, na nyuma wa Gécamines, walipokea posho: bunga, maharagi, karanga, mafuta, samaki ao nyama. Kompani ilitafuta chakula hicho kwa wingi, juu mufanyakazi mwenye njaa hachimbi. Wengi wetu tulikulia kwa posho ile na hatuitukani. Lakini posho ilikuwa pia kamba. Kilo zilipimwa na kompani, si na mama wa nyumba. Na kazi ikiisha, chakula kinaisha. Hatuombi mufuko wa maharagi mahali pa nyongeza ya mushahara. Mushahara ubaki mushahara, kwa makuta, kwa tarehe yake. Tunaomba maharagi yenye kompani inanunua kila siku yanunuliwe kwa jirani.

Basi, tunataka nini? Mambo matano.

La kwanza: mukataba wa kila kantini useme kama sehemu ya maharagi na kunde, tuanze na moja ya tatu, itanunuliwa kwa kooperative za vijiji vya kuzunguka mine. Bei iandikwe mbele ya kupanda, na mukulima alipwe ndani ya siku 30. Jambo hili liingie katika mapatano yetu ya kazi, kusudi delege akuwe na haki ya kuona vitabu vya manunuzi ya kantini.

La pili: Kanuni ya mine yenye iligeuzwa mwaka wa 2018 inasema kompani itoe 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa kazi za maendeleo ya wakaaji, na itie saini cahier des charges pamoja nao. Katika cahier des charges ile waandike depo, mizani, mifuko ya tabaka tatu na mbegu nzuri. Watu wa INERA kule Kipopo na maprofesa wa kilimo wa chuo kikuu cha Lubumbashi wako karibu; waulizwe mbegu gani inafaa kwa udongo wetu.

La tatu: sheria ile ile inapeleka 15 kwa mia ya redevance ya mine kwa ETD, ni kusema sekteri, sheferi na komini zenye mine iko. Wakubwa wa sekteri watengeneze kwanza njia ya kutoka shamba kufika barabara kubwa. Mufuko wenye hautoki shambani hauna bei.

La ine: udongo. Pahali pengi mashamba ya watu yako ndani ya konsesio. Eneo lenye halitachimbwa kwa miaka mingi, mukulima aachiwe alime, kwa karatasi yenye saini, si kwa huruma ya mulinzi wa mulango. Na pembeni ya usine na mito yenye kupokea maji ya usine, udongo na maji vipimwe kwanza. Hatutaki kulisha watoto wetu maharagi yenye yamekunywa asidi.

La tano ni letu wenyewe. Wakati wa mavuno, mvua inapoisha, maharagi ni rahisi. Miezi yenye kufuata bei inapanda. Jamaa 20 za kambi zikiweka makuta pamoja, zinunue mifuko wakati wa mavuno, ziichunge vizuri ndani ya mifuko ya tabaka tatu, wiki ya mwisho ya mwezi haitakuwa tena mikononi mwa muchuuzi. Na mama wakiloweka maharagi usiku kucha mbele ya kupika, makala inapunguka pia. Sendika inaweza kupanga jambo hili bila kungoja mukubwa yeyote.

Mutatuuliza: na kuuzisha inje je? Tunajibu: itakuja kwa zamu yake. Kooperative yenye imejifunza kupima, kusafisha, kuchunga na kutoa fakture kwa kantini, siku ingine inaweza kupakia na kwa treni. Na siku India itafunga mulango wake, sawa vile ilifunga 2017, mukulima wetu hatalia barabarani: kantini bado inapika. Wale wa mbaazi walianguka juu walikuwa na mulango moja tu.

Kuna sababu ingine, yenye watu wa mine hawapendi kutaja. Mine inaisha. Mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa mupango wenye ulilipwa na makuta ya Banque mondiale. Nyuma ya miezi michache makuta ilikwisha, na jamaa nyingi zikatafuta kuishi: wengine kwa jembe, wengine ndani ya mashimo ya kuchimba kwa mikono. Wale wa jembe hawakuta soko lenye kupangwa, hawakuta depo, hawakuta njia. Tukijenga vitu hivi leo, wakati mine bado inatoa na kompani bado iko na makuta, watoto wetu hawataanza na mikono mitupu. Shaba ikitoka haimee tena. Lakini udongo wenye umepandwa maharagi unabaki na nguvu kwa muhindi wa mwaka wenye kufuata, juu mizizi yake inachunga azote ndani ya udongo, yenye tungenunua kwa mbolea ya dolari.

Basi, wandugu madelege, mukienda kwenye meza ya mapatano, muulize mushahara kwanza, ndiyo. Kisha muulize hivi, kwa sauti, na jibu liandikwe katika ripoti: "Ile maharagi ya kantini inatoka wapi, na nani analipwa?" Kama jibu ni ng'ambo ya mupaka, muonyeshe ile hesabu ya hekta 26. Wakulima wa pembeni ya mine wanakula vumbi ya malori yetu tangu miaka. Sasa wapate na bei.